Chupa Iliyolazwa

"Mama, nimejipulizia manukato," binti yangu aliniambia tulipofika mlangoni, akanisogezea shingo kama vile nilihitaji ushahidi.

Sikuhitaji. Manukato yale yalikuwa yametutangulia tangu nyumbani.

"Jana nilikwambia nini?"

"Tusijipulizie kitu, mzee wako anataka kunusa vitu vyake."

"Sasa?"

"Nilisahau."

Hakusahau. Binti yangu anafundisha hesabu watoto wa darasa la nne, na tangu nimzae sijamwona akisahau kitu. Kaka yangu alimpa jina la Hakimu akiwa bado mdogo, kwa sababu ukimpa habari husikiliza kimya mpaka mwisho, kisha anakuhukumu wewe uliyeileta. Jina limemganda, siku hizi hata walimu wenzake wanamwita hivyo.

Na hukumu yangu ilikuwa mkononi mwake. Mwonjaji, mwenye mlango ule, alikuwa ameniomba ruhusa aje kwa kaka kunitaka. Nilimpelekea kaka habari hiyo kwa aibu ya kisichana, mimi mjane mwenye mvi. Kaka alicheka, akanikalisha, akasema, "Dada, nani wa kukuzuia? Lakini nyumba ile mnaishi wawili. Hakimu akisema hapana, mimi mlango sifungui."

Hakimu alikuwa ameshasema hapana kabla hajamwona mtu mwenyewe. Sababu ilikuwa moja: kazi ya Mwonjaji ni pombe. Kampuni inayoagiza vinywaji imemwajiri anuse na kuonja kila mzigo unaoingia, aseme upi ni mzuri na upi umeharibika.

"Mama," Hakimu aliniambia, "umetoka kwenye moto, sasa unataka kuhamia duka la viberiti."

Sikumlaumu. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia moja. Akifungua chupa, kizibo alikitupa nje dirishani. "Cha nini?" alikuwa akisema. "Chupa ikishafunguliwa haifungwi." Na mwanangu, akiwa bado hajang'oa meno ya utoto, alitoka kwenda kukitafuta kwenye majani. Akikipata alikiosha, akasubiri baba yake asinzie, kisha akaenda kufunga kilichobaki. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo nilimwomba jambo moja tu: aje amwone mtu kazini kwake, mchana kweupe, kisha aseme analotaka.

"Nitakuja," alisema. "Nitakaa kwenye kiti nihesabu glasi."

Basi ndiye huyo mlangoni, ananuka bustani nzima.

Mwonjaji alifungua mwenyewe. Ni mrefu, ana mikono mipana, na siku hiyo alivaa shati jeupe alilolipiga pasi kwa mkono wake; nilijua kwa sababu kola ilikuwa na mikunjo miwili badala ya mmoja. Pua yake ni ya kawaida kabisa. Watu wakisikia kazi yake huitazama pua kwanza, na wengi naona wanasikitika.

"Shikamoo," Hakimu alisema, kwa sauti ya kufunga mjadala.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mimi si mwanao."

"Marahaba, mwalimu," alisema, na tabasamu lake halikuondoka mahali pake.

Kisha manukato yakamfikia. Mtu mwingine angekohoa, au angenitupia jicho la lawama. Yeye alisimama akayasikiliza, kama mtu anayesalimiwa na mgeni.

"Waridi," alisema. "Na chini yake kuna ubani kidogo. Aliyeyatengeneza ni fundi. Tutafungua madirisha, tuyape nafasi yapite."

"Samahani," nikasema mimi.

"Ya nini, Sista? Tunachokionja leo kilikaa kwenye pipa miaka arobaini. Hakishindwi kusubiri waridi."

Hakimu alitaka ugomvi, akakosa pa kuushikia. Nilimwonyesha sinki pale ukutani. "Kuna sabuni isiyo na harufu. Shingo na viganja. Sugua."

Aliposugua, nilipata nafasi ya kuangalia chumba. Kuta nyeupe, meza moja ndefu, hakuna pazia, hakuna ua. Glasi zilipangwa kwenye kitambaa safi, zile zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kama vibuyu vidogo vya kioo. Kando yake palikuwa na jagi la maji, mrija mwembamba wa kudondoshea, na kikombe kikubwa cha udongo cha kutemea. Nafanya kazi hospitali, najua chumba cha mtu anayeheshimu kazi yake. Ningeweza kumfungia mtu kidonda juu ya meza ile.

Nilipoinua macho nilimkuta ananitazama. Hakuyaondoa macho yake, nami sikuyaondoa yangu. Kuna kutazamana kwa watu wazima ambako hakuna haraka yoyote.

"Umelala?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kidogo. Wewe?"

"Hata kidogo."

Kwenye kiganja chake cha kushoto kuna kovu lenye umbo la mwezi mchanga. Kovu lile ni kazi yangu. Alikuja kwenye chumba changu cha vidonda akiwa amekatwa na glasi iliyopasuka akiiosha. Nilipommiminia ayodini, dawa inayomfanya hata askari aite mama yake, yeye alifumba macho, akavuta pumzi, akatabasamu. Nilidhani amechanganyikiwa. "Bwana, kinachokuchekesha ni nini?" nilimuuliza. Akasema, "Umenikumbusha kitu ninachokipenda sana." Nikamuuliza kitu gani. Akasema, "Nitakwambia siku nikikifungua." Kidonda kilipona, yeye akaendelea kuja kubadilisha bandeji. Nilivumilia, mwisho nikamwambia kwamba hospitali haifungi bandeji kwenye ngozi nzima, kama ana neno aliseme. Akalisema.

Hakimu alirudi, shingo nyekundu kwa kusuguliwa. Mwonjaji alifungua kabati la chini, akatoa kifurushi kilichoviringishwa kwa taulo. Alikibeba kama tunavyobeba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake.

"Hii alinipa mwalimu wangu alipostaafu," alisema. "Ni wiski ya Uskoti, ya kimea kitupu cha shayiri, na kiwanda kilichoitengeneza kimeshafungwa. Kule wana udongo mweusi wa kwenye kinamasi. Wanaukata kama matofali, wanaukausha, wanauchoma. Moshi wake ndio unaokausha shayiri, na shayiri haiusahau moshi huo hata ikae kwenye pipa umri wa mtu. Mwalimu aliniambia nisiifungue peke yangu, na nisiifungue mbele ya watu watakaouliza bei."

"Mimi nilikuwa karibu kuuliza," Hakimu alisema.

"Uliza, mwalimu. Mwenyewe sijui."

Akafunua taulo. Chupa ilikuwa nyeusi, mabega mapana, nta ya shingoni imepasukapasuka. Akabandua nta kwa kisu, akashika kizibo kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu. Tukasikia mlio mdogo, kama biskuti inayovunjika. Nusu ya kizibo ikabaki mkononi mwake. Nusu nyingine ilibaki shingoni mwa chupa.

Nilimtazama binti yangu. Uso ulikuwa umefungwa.

"Haya," alisema taratibu. "Sasa hii haifungiki tena. Itabidi iishe leo."

Mwonjaji alikuwa akitazama kipande kile cha kizibo, chenye majimaji, cheusi, kilicholika kama jino bovu. Shingo yake ilikuwa imeinama.

"Kosa ni langu," alisema. "Mvinyo hulazwa, wiski husimama. Wiski ikilala, ukali wake unakila kizibo. Hilo ni somo la kwanza kabisa, nawafundisha hata madereva wa mizigo."

"Kwa hiyo umeilaza kwa nini?" nikamuuliza.

"Miaka yote ilisimama pale juu, kwenye rafu. Uliponiambia kwamba siku moja binti yako atapita hapa, nikaona akiingia tu ataiona chupa kabla ya kuniona mimi. Nikaiviringisha, nikailaza kabatini. Umekuwa ukisema atakuja, atakuja. Nayo ikaendelea kulala."

"Mtu mzima na akili zako," nikasema.

"Ndiyo, Sista."

Alichukua kizibuo akajaribu kukitoboa kile kipande kilichobaki. Kikazidi kumeguka. Nilivumilia mara moja, ya pili nikamwondoa mkono.

"Sogea. Unakisukuma ndani."

Mkoba wangu hautembei bila kibano na pakiti ya shashi. Niliinamisha chupa kidogo kuelekea dirishani, nikaingiza kibano ubavuni, taratibu, pembeni ya kizibo na siyo katikati.

"Nimetoa shanga puani mwa watoto wanaopiga mateke," nikawaambia. "Hiki angalau kimetulia."

Kikatoka kizima. Mwonjaji alipumua kwa mara ya kwanza tangu kizibo kivunjike. Hata Hakimu midomo yake ilicheza, ingawa aliikamata haraka.

Tulimimina kupitia shashi ili chembe zisiingie. Alimimina kidogo, kiasi cha kufunika chini ya glasi tu, glasi tatu. Rangi yake sikuitegemea. Nilidhani kitu cha moshi kitakuwa cheusi. Hiki kilikuwa kama chai ya rangi iliyomulikwa na jua, na kilipozungushwa kilishuka ukutani mwa glasi polepole, kwa michirizi myembamba, kama mtu asiyetaka kuondoka.

Alichukua mrija akadondosha tone moja la maji katika kila glasi.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Hakimu alisema.

Mwonjaji alicheka kweli, mpaka akaweka mrija chini. "Mgema huyu anaongeza tone moja, mwalimu, ili kuifungua. Ni kama kumwambia mtu mkimya 'karibu'. Usipomwambia atakaa tu. Sasa, pua kwanza. Mdomo uwe wazi kidogo, usivute kwa nguvu."

Nikanusa.

Kwanza moshi, lakini si wa jikoni. Ulikuwa moshi wa mbali, uliokaa kwenye koti la mtu aliyekwisha kuondoka. Nyuma yake kulikuwa na chumvi. Nyuma ya chumvi kulikuwa na tunda lililoiva mpaka linakaribia kudondoka, na asali, na ngozi ya kiti cha zamani. Na katikati ya vyote kulikuwa na kitu kingine, kikali, kisafi, nilichokijua. Nilikijua sana. Nilinusa tena, na tena, nikawa kama mtu anayelitafuta jina la ndugu yake mwenyewe.

"Kuna kitu hapa," nikasema. "Nakijua lakini hakiji."

"Usikilazimishe," Mwonjaji alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Niliona anajua, na ameamua kutosema.

"Hakimu, hebu nisaidie."

"Mimi sinywi."

"Nani amekwambia unywe? Nusa. Wewe una pua changa."

Aliivuta glasi yake kwa kidole kimoja, kama anavyovuta daftari lenye madoa. Akainamisha uso. Nilimwona akijiandaa kuchukia. Kisha nikaona macho yake yakibadilika. Akainua glasi kwa mikono miwili, akanusa tena, na alipozungumza sauti yake haikuwa ya mwalimu.

"Ni wewe, Mama."

"Mimi vipi?"

"Ni wewe ukirudi kutoka zamu. Ile dawa ya vidonda. Nilikuwa nikisikia mlango nakuja mbio naweka uso hapa." Akajigusa tumboni, mahali ambapo sare yangu ilikuwa ikimfika usoni. "Nikisikia harufu hii nilikuwa najua basi, leo kumekwisha. Mama amefika."

Ayodini. Nimeinusa miaka mingi mno hata siinusi tena. Nilimgeukia Mwonjaji. Macho yake yalikuwa na maji na hakuyafuta.

"Ndicho ulichokumbuka siku ile?"

"Ndicho. Nilinusa tone moja la wiski hii nikiwa kijana, mwalimu wangu alipofungua chupa yake. Nikakaa maisha yangu nikiitafuta harufu ile. Halafu nikakatwa mkono, nikaingia kwenye chumba chako, ukanimwagia." Akakitazama kiganja chake. "Sikujua nicheke au nilie, na wewe ulikuwa mkali."

"Ulikuwa unatikisa mkono."

"Sikutikisa."

"Ulitikisa, nakwambia. Nilikuwepo."

Tukaonja. Nilikuwa sijapata kuweka pombe mdomoni, na sisemi kwamba nitaifanya mazoea. Lakini niseme ukweli: ilikuwa nzuri. Ilianza tamu, ikapanda na moto mdogo usiounguza, kisha moshi ukafunguka kooni na kubaki, ukabaki, hata nilipodhani umekwisha ukarudi tena na chumvi yake. Mtu fulani, kwenye baridi na mvua, alichoma udongo, akafunga pipa, akajua hataishi kuuona mwisho wake. Akaifanya kazi hiyo vizuri vilevile. Nilimheshimu mtu huyo.

Nikamtazama Mwonjaji ili nimwambie hivyo, nikamwona anainama juu ya kikombe cha udongo. Akatema.

Nikaweka glasi chini. "Umefanya nini?"

"Ni kawaida ya kazi, Sista."

"Hii ni kazi? Umekaa na hii chupa umri wote huo, umeingoja, umeilaza, umekiua kizibo, halafu unaitema?"

"Kazini natema kila kitu."

"Sikukuuliza kazini. Nakuuliza leo."

Alijifuta midomo kwa leso, akaikunja, akaikunja tena. "Leo natazamwa," alisema mwisho. "Kama kutema ndiko kutakakonipitisha mlango wa kaka yako, nitatema kila siku. Na akisema niache kazi, nitaiacha."

Maneno matamu hayo. Mwanamke mwingine angeyeyuka. Mimi yalinipandisha hasira.

"Sikiliza, bwana. Nilishaishi na mtu aliyekunywa ili anifiche asiyotaka niyaone. Sasa niishi na anayetema kwa ajili hiyohiyo? Ulificha chupa, kizibo kikaoza. Ukijificha wewe, nitakutoa na kibano gani? Mimi namtaka mtu niliyemfunga mkono. Yule aliyetabasamu. Huyu anayenichungulia kama mwanafunzi aliyechelewa simtambui."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Hakimu alikuwa bado ameshika glasi yake kwa mikono miwili.

"Nina swali," alisema.

"Uliza, mwalimu," Mwonjaji alijibu, taratibu.

"Ukimeza, halafu unafanya nini?"

"Nafunga chupa."

"Kwa kizibo gani? Kimevunjika."

Alivuta droo ya meza, akatoa mtungi wa kioo uliojaa vizibo. Vifupi, virefu, vyenye vichwa vya mbao, vyenye vichwa vyeusi, vyote safi.

"Kila chupa ikiisha hapa kazini, natunza kizibo chake," alisema. "Kizibo cha zamani kinaweza kuvunjika wakati wowote, na chupa haiwezi kuachwa wazi. Waonjaji wengi tunafanya hivyo. Wenzangu wa ofisini wananicheka, wanasema nafuga vizibo."

Hakimu aliutazama mtungi ule kwa muda mrefu. Mle ndani najua aliona majani ya uani kwetu, kwa sababu na mimi niliyaona. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kile kikombe cha udongo, akaenda nacho kwenye sinki. Alikimwaga, akakisuuza, akakiinamisha kwenye kitambaa, mdomo chini.

"Kunywa yako," alimwambia. Hakugeuka. "Imebaki kwenye glasi. Miaka arobaini haitemwi."

Mwonjaji alinitazama. Nikainua bega: usiniulize mimi, hakimu ameshasema.

Alikunywa. Sijawahi kumwona mtu akinywa vile. Alifumba macho, na uso wake wote ukatulia, kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa na sauti aliyoikosa siku nyingi. Ilikuwa sura ileile ya chumba changu cha vidonda. Nilisimama pale, mwanamke mzima wa kazi zangu, nikajua kwamba sura ile nitaitaka asubuhi na jioni mpaka nizikwe.

Alipofumbua macho, aliisuuza glasi yake akaiinamisha kando ya kikombe. Hakuitazama chupa mara ya pili. Hakimu aliliona hilo, hakuna kinachompita.

Binti yangu alirudi mezani, akamwaga vizibo, akaanza kuvijaribu kimoja kimoja. Hiki chembamba. Hiki kinene. Alivipima kwa kidole gumba, akavigeuza, akavirudisha, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni. Hatukumharakisha. Mwonjaji aliusogeza mkono wake mezani mpaka kovu likagusa kidole changu, na hapo ukakaa.

Kilichofaa kilikuwa na kichwa cha mbao, kimekwaruzika. Hakimu alikiingiza kwa kukizungusha, akakibana kwa kiganja, akaivuta chupa kwa kizibo hichohicho kuona kama kitashika. Kikashika. Akaipeleka kwenye rafu, juu, mahali palipokuwa na duara safi kwenye vumbi, akaisimamisha pale pale.

"Usiilaze tena," alisema.

"Sitailaza, mwalimu."

Akachukua mkoba wake, akanifungia na wangu. Mlangoni akageuka, na nikaona anatafuta la kumwita, analikosa, kisha anaamua.

"Jumapili usichelewe, mzee. Mjomba hapendi kusubiri."

Mwonjaji alitufuata mpaka mlangoni. "Na chupa?" aliuliza. "Nije nayo? Kaka yako, Sista, labda atataka kuonja."

"Iache hapo hapo ilipo," Hakimu alisema, akanishika mkono twende. "Nimeshaifunga."